Ishirini na Mbili Juu ya Saba

Sabasaba imepita na vumbi lake na barafu zake za ukwaju,
Nanenane bado, ng'ombe wa maonyesho hawajaogeshwa,
na hapo katikati Mwalimu Semhando ametubandikia sikukuu.

Karatasi kwenye nguzo ya umeme, Barabara ya Saba, Ngamiani: LEO NI SIKU YA DUARA.

Nikamwuliza, pini tatu mdomoni, duara gani hilo lenye siku yake?
Akasema la pai, tatu nukta moja nne; wenzetu wanaotanguliza mwezi huila Machi.
Sisi tunatanguliza siku, tungengoja thelathini na moja Aprili,
tarehe ambayo hata mwenye nyumba wangu hajapata kunidai.

Basi ikawa Julai: ishirini na mbili, juu ya saba.

Watoto wakaja kuazima utepe wangu wa kupimia viuno.
Wakapima sufuria, ungo, kawa, kifuniko cha pipa,
wakapima kofia ya Alhaji Kibwana, naye yumo ndani yake,
mzingo kwanza, kipenyo baadaye, wakagawanya kwa chaki barazani,
na kila mara jibu likarudi lile lile: tatu, na kitu kidogo.

"Tangu lini hesabu nazo zikataka kitu kidogo?" akauliza Mbaruku, fundi baiskeli.
Lakini akaacha pampu, akapaka ringi chokaa mahali pamoja,
akaliviringisha gurudumu barabarani mzunguko mmoja,
alama hadi alama, akanyoosha mikono kama anayepima kaniki:
"Vipenyo vitatu, na shubiri moja imesinzia."
Kwa Bi Kiarusi wa mkate wa kumimina ikatoka tatu na nusu.
Zaharani, miaka tisa, akasema, "Mkate umepinda."
Weh! Kuna maneno mtu haambiwi mbele ya wateja.
"Umepinda utepe wenu! Mkate huu ndio uliomlea baba yako."

Mwalimu akapima upya, taratibu, akichagua upande,
akatangaza tatu nukta moja nne. Adabu nayo ni hesabu.

Ndipo vikaja vitumbua, ishirini na viwili kwenye sinia,
na tuliobaki barazani, ukitoa waliokwenda kuswali, tulikuwa saba.
Vitatu vitatu, sawa. Kimoja kikabaki, kinameta mafuta, kinatutazama.
Tukakigawa mara saba kwa mkasi wangu wa vitambaa, Mungu anisamehe,
kila mtu chembe yake; zikabaki chembe; tukazigawa na hizo;
za mwisho wakazimaliza kuku wa Mbaruku, wala hawakuonyesha njia.

Watoto walipotawanyika Mwalimu akatupa siri, sauti ya chini kama mwenye deni:
ishirini na mbili juu ya saba siyo pai yenyewe.
Ni jirani yake tu, wamepakana ukuta kwa ukuta.
Pai mwenyewe hana mwisho, anakwenda tu, na hajifuati nyayo.
Tukanyamaza. Bi Kiarusi akafuta sinia: "Jirani anatosha. Ndiye wa kumwomba chumvi."

Usiku nikaukunja utepe; una doa la mafuta penye thelathini na moja.
Nawe ukiwa na shaka, hesabu mistari ya kila ubeti kuanzia juu,
ila ukifika hapa usiseme nimemaliza: nimeishiwa uzi.